Sindano ni bure, kuifikia ndiyo kazi

Mkuu, umeuliza kwa nini wanawake wa vijijini wanazaa mfululizo ilhali uzazi wa mpango ni bure zahanati, ukasema ni uzembe. Neno hilo limeniuma. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Niliolewa Sengerema, mkoani Mwanza, nikiwa na miaka 19. Baada ya mtoto wa tatu nikaanza sindano, ile ya miezi mitatu, mume hajui. Kadi niliifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaizika ndani ya debe la unga wa muhogo, maana anayechota unga ni mimi tu. Hedhi ikakata, na kwa wengi wanaochoma sindano ndivyo inavyokuwa. Mama mkwe alikuwa anaangalia kamba ya nguo. Miezi inapita, haoni vitambaa vyangu vikianikwa, na tumbo halionekani. Akaanza maswali.

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hela ya dagaa anashika mume, nauli ya bodaboda ningeomba nikisema naenda wapi? Tarehe yangu ikifika nabeba mtoto, naaga kwamba nampeleka kupimwa uzito. Siku hiyo nafika, nesi ananiambia sindano zimeisha, rudi wiki ijayo. Narudi, bado hamna. Akanipa vidonge. Vidonge vya kumeza kila siku, kwenye chumba kimoja na mume, nivifiche wapi? Nilipoomba kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kuzuia mimba, nikaambiwa nije na mume, wakati ridhaa yake si sharti. Mimba ya nne ikaingia hapo.

Septemba 2018 matangazo ya uzazi wa mpango yaliposimamishwa redioni, nyumbani kwetu ilieleweka kwamba dawa zenyewe zimepigwa marufuku. Huduma ilikuwa inaendelea, ila nani angenisikiliza?

Kilichoniokoa ni siku ya gulio, wahudumu walipokuja wenyewe kijijini. Nikawekewa kijiti cha miaka 3, nikateremsha mkono wa gauni, nikaendelea kuuza nyanya. Yule dada alinieleza kabisa kwamba damu inaweza kutoka matone matone kwa miezi, nisiogope. Jirani yangu aliyewekewa kwingine hakuambiwa. Damu ilipoanza akakimbilia kukitoa, na hadi leo anasema vile vitu vinaharibu kizazi.

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 31 tu ya wanawake walio kwenye ndoa wanatumia njia za kisasa. Mimi siku nilipoambiwa sindano zimeisha ningehesabika kati ya wasiotumia, na nilikuwa nimetembea saa mbili, mtoto mgongoni, kuitafuta.