Vitonge vya tende na ashwagandha: acheni kumwaga unga kwa macho

Juzi kuna dada kanitumia ujumbe inboksi, katengeneza vitonge vya tende kwa maelekezo yangu, anasema kimoja kitamu balaa, cha pili kichungu kama shubiri, halafu anamalizia kwa kuniuliza: naweza kuweka ashwagandha (ule unga wa mizizi ya mmea wa dawa wa Kihindi) mara mbili, manake naona kama haifanyi kazi? Dada nakupenda, ila nakujibia hapa hapa mbele za watu kwa sababu sio wewe peke yako.

Nianze na stori kidogo, mnivumilie. Kuna kipindi kazi ilinielemea, usiku silali, mchana nasinzia, ikifika jioni namaliza pakiti nzima ya biskuti na bado nataka kitu kitamu. Ndo nikaanza vitonge, mwanzoni tende na lozi tu, baadaye nikaongeza ashwagandha baada ya kusoma sana kuhusu hizi adaptojeni, yani mimea inayosemekana kuusaidia mwili kuhimili stresi (jina hilo walilianzisha Wasovieti miaka ya 1940, ila Wahindi wanatumia ashwagandha kwenye Ayurveda, tiba yao ya asili, karne na karne). Usingizi ulirudi. Ni mmea au ni kuacha biskuti, siwezi kuwaapia.

Vikawa vizuri mpaka watu wakaanza kuniomba niwafundishe. Mmoja nilimfundisha nyumbani kwangu, jikoni kwangu, kwa blenda yangu, leo anauza kwenye vikopo vimeandikwa vinaondoa stresi siku hiyo hiyo, na akiulizwa kajifunzia wapi anasema kabuni mwenyewe. Sijakasirika. Nimeona tu.

Sasa tuje kwenye uchungu. Tatizo ni kwamba unga unatupiwa mwishoni juu ya tende zilizoshasagika. Tende inanata, unga ukigusa pale unaganda hapo hapo, ukikata kitonge katikati unaona kabisa kidonge cha rangi ya udongo kimejificha ndani, huyo ndo shubiri wako. Unga unaingia mwanzo, pamoja na lozi kavu. Mimi natumia kikombe kimoja na nusu cha lozi na korosho, vijiko viwili vya chakula vya kakao, chumvi kidogo, na vijiko viwili vya chai vya ashwagandha, vya kusawazisha kwa kisu sio vya mlima. Saga kwa kugusagusa swichi, usiiachie blenda ijiendee, lozi zikizidi kusagwa zinatoa mafuta na utapata siagi ya lozi badala ya vitonge. Zikiwa chengachenga toa, ndo usage tende 12 kubwa laini, halafu rudisha vyote. Tende kavu loweka kwenye maji ya moto dakika 10 na uzikamue. Na tafadhali hata kama pakiti inasema hazina kokwa, pasua kila moja, blenda na meno yote gharama.

Finya kiganjani: ikishikana viringisha, ikimomonyoka ongeza maji kijiko kimoja cha chai, sio kikombe. Vinatoka kama 24.

Mara mbili? Hapana. Tafiti nyingi za ashwagandha wametumia ekstrakti ya miligramu 300 mpaka 600 kwa siku, na wanapima baada ya wiki 8 hivi, wewe umekula Jumatatu unataka majibu Jumanne. Halafu soma kopo lako, mizizi iliyosagwa tu na ekstrakti ni vitu viwili tofauti, ekstrakti imekolezwa, kwa hiyo ekstrakti pima kwa gramu kwenye mizani, vijiko sahau.

Na hapa nitawachosha lakini nasema. Mjamzito usile hivi, tengeneza bila unga, vitamu vile vile. Unayetumia dawa za thairoidi, za usingizi au za kisukari, au mwenye shida ya ini, muulize daktari kwanza, kuna watu ini limewaumia wakiwa wanatumia ashwagandha, na Denmark waliipiga marufuku mwaka 2023. Kitu kinachoweza kugusa homoni na ini hakiwi salama eti kwa sababu kimeviringishwa na tende. Tende zenyewe pia ni sukari jamani, moja ya zile kubwa za Medjool ina kama gramu 16, vitonge viwili kwa siku vinatosha, acheni kula kumi mkisema ni helthi.

Friji vinakaa wiki mbili, friza miezi mitatu. Andika juu ya kopo kwa herufi kubwa kuwa ndani kuna ashwagandha, na uliweke shelfu ya juu kabisa, manake mtoto akifungua friji pale anaona chokoleti.