Waratibu wapya wa Kigoma, acheni watu wapigiane simu

Wadogo zangu mlioanza kazi ya kuwaunganisha wajasiriamali wabunifu wa mkoa wetu, nilikuwepo kwenye uzinduzi wenu, nimekaa nyuma kabisa. Bango zuri. Mgeni rasmi alichelewa kama ilivyo ada. Picha ya pamoja ikapigwa, posho zikasainiwa. Wakati wa chai nikamuuliza mama mmoja anayekausha dagaa Katonga kama amechukua namba ya yule kijana wa Kasulu anayetengeneza makaushio ya jua, maana walikaa meza moja asubuhi nzima. Hakuwa nayo. "Si mtatupa ninyi waratibu?" akaniambia.

Ndiyo maana naandika. Nimeyapanga kwa namba, moja hadi saba, ili msipotee, ingawa mimi mwenyewe huwa napotea.

1. Ubunifu si programu ya simu peke yake. Fomu yenu inauliza "teknolojia unayotumia", kwa hiyo mama wa Katonga ameacha wazi. Lakini mama huyo aliacha kuanika dagaa kwenye mchanga, akajenga vichanja vya mbao na nyavu. Dagaa wake wanapata upepo juu na chini, hawaumizi meno kwa mchanga, na mnunuzi anampa bei nyingine kabisa. Mnataka ubunifu gani zaidi ya huo? Vijana wa programu wapelekeni MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya ubunifu, wanastahili, nawapenda. Ila msiwape viti vyote vya mbele.

2. Jueni mpangilio wa makaratasi kabla ya kumtuma mtu. Mjasiriamali mdogo akitaka nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, achukue barua ya utambulisho; kwa barua hiyo, miaka mitatu ya mwanzo halipii ada ya nembo. Na tafadhali, masuala ya chakula yalihamia TBS tangu 2019. Bado kuna mratibu, simtaji, anawatuma watu "wakaulizie TFDA", ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa.

3. Mkoa huu si Mwanga na Ujiji tu. Ukiitisha kikao mjini saa mbili asubuhi, mtu wa Kakonko amelala njiani, na mtu wa Kalya alishaanza kusubiri boti tangu juzi. Kikao kifanyike Kasulu. Kwisha.

4. Msiwe mlango. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia na nikaumiza watu.

Enzi zangu za uratibu nilijisikia sana. Wakamuaji wa mawese walikuwa na namba yangu, watengeneza sabuni walikuwa na namba yangu, wanunuzi wote walikuwa na namba yangu. Simu ikiita katikati ya kikao naipokea kwa sauti, kila mtu ajue nina shughuli. Kwenye ripoti niliandika kwamba mtandao wetu wa wajasiriamali umefika wilaya zote. Kweli ulifika, ila kila uzi uliishia mfukoni mwangu.

Akatokea mnunuzi wa Mwanza, anataka mawese ya kula, lori zima. Nikawapigia wakamuaji mmoja mmoja, kila mtu kivyake: leta madumu. Hakuna aliyejua mwenzake analeta nini. Wengine walitaka kuandika majina yao kwenye madumu, nikawakataza. Nilisema mnunuzi akiona majina kumi tofauti atajua ni mafuta ya kuokoteza. Tukamimina yote kwenye mapipa pale Mwandiga, yakapendeza, mekundu yanang'aa, nikayapiga picha ya ripoti.

Wanaoijua chikichi, tunda linalotoa mawese, wameshaona ninakoelekea. Tunda likishavunwa na kuchubuka linaanza kuharibika hapohapo: kimeng'enya kilichomo ndani yake kinavunja mafuta, asidi inapanda, na kinachokizuia ni moto tu. Ndiyo sababu tunachemsha. Ukichemsha mapema, mafuta yanatulia. Lakini kuchambua punje kwenye mkungu mbichi ni kazi ya kuumiza vidole, kwa hiyo wengine huivundika mikungu siku kadhaa mpaka punje ziachie zenyewe. Kwa mafuta ya kupikia nyumbani kwako hakuna atakayekushtaki. Kwa mnunuzi anayepima asidi, umekwisha.

Mnunuzi akaja na lori lake na kijana wa kupima. Akachota pipa la kwanza, la pili, la tatu. Akafunga kisanduku chake, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba hachukui hata lita moja. Nikamwambia kuna mafuta mazuri humo ndani. Akaniuliza yako pipa lipi.

Yalikuwa kwenye mapipa yote. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kulikuwa na mzee wa hapohapo Mwandiga ambaye alikuwa akichemsha chikichi siku ileile anayovuna, mafuta yake yalikuwa ya kupewa tuzo, na mimi nilikuwa nimeyazamisha kwenye mapipa pamoja na ya waliovundika. Mzee alikuwa amekopa kwenye kikundi chake cha VICOBA ili aongeze mikungu kwa ajili ya oda hiyo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nani alivundika?" Sikuwa na jinsi ya kumjibu. Majina ambayo yangetoa jibu ndiyo niliyoyakataza.

Na bado hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba nilizima simu. Watu walikuwa wananitafuta, kila mmoja anadai chake, nikashindwa kukabiliana nao. Wakati mimi nimejificha, akapita dalali, akawakuta wamekata tamaa, akayabeba mafuta yote kwa bei ya kutupa. Nilipowasha simu nikakuta ujumbe wa mtengeneza sabuni wa Gungu, mwanachama wetu, ameutuma siku nyingi kabla: shughuli zake zimesimama, anatafuta mawese ya bei nafuu, hata yenye asidi, maana kwenye sabuni asidi hiyo haina neno, ikikutana na kostiki soda inageuka sabuni vilevile. Gungu na Mwandiga! Mtu anaweza kwenda na kurudi kwa bodaboda kabla chai haijapoa. Mwenye mafuta na mwenye shida ya mafuta walikuwa kwenye orodha yangu moja, na hawakujuana, kwa sababu nilitaka wajuane kupitia kwangu.

Mtu wa sabuni aliyapata mafuta mwishoni. Aliuziwa na dalali yuleyule, na si kwa bei ya kutupa.

Kikao kilichofuata niliwataka wabadilishane namba mbele yangu, na sharti likawa kila mkamuaji achukue namba ya mtu asiye mkamuaji: fundi wa mashinikizo, mtengeneza sabuni, mwenye lori, mpishi wa mandazi. Kila dumu likaandikwa jina na tarehe ya kuchemsha. Waliozoea kuvundika walikasirika, kisha wengine wakaanza kuchemsha mapema, wengine wakahamia moja kwa moja kuuzia watu wa sabuni, na hilo nalo ni soko. Mzee wa Mwandiga alirudi, ila alininunia kwa muda mrefu, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo ukitaka kupima kazi yako, achana na idadi ya waliosaini mahudhurio. Muulize mwanachama: mwezi huu umempigia nani wa mtandao ambaye si mimi? Akianza kukuna kichwa, kazi bado.

5. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina riba, na mgao wake ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Msiunde vikundi kwa ajili yake. Kikundi kilichozaliwa na fomu ya mkopo hufa siku ya kugawana fedha, halafu afisa maendeleo ya jamii anakutafuta wewe.

6. Muwe na kalenda ya misimu ukutani. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kuna waratibu waliokuwa wamepanga mafunzo ya kufungasha dagaa katikati ya kipindi hicho. Dagaa gani? Hiyo ndiyo ilikuwa miezi ya kumkutanisha mkaushaji na fundi wa makaushio, wakati wote wana nafasi ya kuzungumza.

7. Acheni kuimba Dar es Salaam kila siku. Burundi imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na mpaka wa Manyovu uko hapo Buhigwe. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi, akavuka bila ushuru wa forodha. Taratibu za pale mpakani msiniulize mimi. Kwenye uzinduzi wenu alikuwepo dada mmoja wa tangawizi kutoka Buhigwe, safu ya tatu, kitenge cha kijani. Amevuka nayo mara nyingi. Mpigieni yeye.