Viatu vya kuvalia kilti

SWALI: Bwana harusi ni Mskoti, jioni, huko Karen, wasimamizi tutavaa kilti (sketi ya mikunjo ya wanaume wa Uskoti) na koti fupi jeusi. Je, viatu vyangu vyeusi vya ofisini vitafaa? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Vitafaa, vikiwa vya kamba na vimeng'arishwa. Vinavyopendeza zaidi ni vya gili, viatu vya Kiskoti: havina ulimi, na kamba zake ni ndefu. Zisokote mara tatu mbele, zizungushe nyuma ya kifundo, ufunge mbele au kando. Ukizipandisha hadi katikati ya muundi zitateremka ukianza kucheza, na kukunja soksi. Soksi ziishie vidole vitatu chini ya goti. Kwa koti la twidi (kitambaa kizito cha sufu) mchana, viatu vya kahawia ni bora. Buti ni za kilti na shati tu, bila koti. Raba, hata mpya, hapana.