Uliza Fundi: Windows 11 inagomea njiani kwenye kompyuta mpya

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Mwanza, kazi yangu kuediti video za harusi. Nimejichanga mwaka mzima nikaunganisha kompyuta yangu mwenyewe, prosesa Ryzen 5 5600G, mazabodi ya B450, ramu mbili za GB 8 (moja nimenunua hapa, nyingine rafiki yangu kanitumia kutoka Kariakoo) na SSD ya NVMe ya GB 500, vyote vipya. Inawaka vizuri tu, picha inakuja, ila nikipiga Windows 11 inagomea njiani. Mara asilimia 23, mara 61, juzi ikafika 84 nikajua leo imekubali, ikaniambia tena faili zinazohitajika zimeharibika au hazipo, kodi 0x80070570. Nimebadilisha flashi, bado. Fundi wa mtaani kwetu anasema SSD ni mbovu ninunue nyingine. Hela hiyo sina na mwisho wa mwezi nina harusi. Nisaidie.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hela ya SSD usiitoe kwanza. Barua yako imebeba jibu lenyewe, ni hizo asilimia. Flashi au faili la Windows likiwa bovu, mara nyingi setapu inakwama palepale kila ukirudia, kwa sababu kipande kilichoharibika kiko sehemu moja. Yako inaruka ruka, na umeshabadilisha flashi, kwa hiyo mimi wa kwanza kumshuku ni ramu, tena hizo mbili zilizotoka maduka tofauti.

Nikueleze kinachotokea humo ndani maana wengi hawaambiwi. Windows kwenye flashi imebanwa ndani ya faili moja kubwa, setapu inachukua kipande, inakifungulia kwenye ramu, inakikagua kama kiko sawa na kilivyotoka Microsoft, halafu ndio inakiandika kwenye SSD. Sasa ramu ikigeuza biti moja tu hapo katikati, sifuri ikawa moja, ukaguzi unakataa na setapu inakuambia faili limeharibika. Faili lilikuwa zima kwenye flashi, limeharibikia kwenye ramu, ila setapu haina namna ya kujua hilo. Ndio maana watu wanadaunlodi Windows upya mara kibao, bando linaisha na kodi ni ileile.

Hujasema kama umewasha XMP (mpangilio unaoipandisha ramu kasi) kwenye bayosi, yaani ile menyu ya mipangilio ya mazabodi yenyewe. Kama umeiwasha, izime. Namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi la ramu, 3200 au 3600, mara nyingi ni kasi ya hiyo profaili ya XMP, bila hiyo ramu nyingi za DDR4 zinaenda 2133, 2400 au 2666. Ramu mbili za kampuni mbili ukizilazimisha kwenye profaili ya mmoja wao zinaweza kuwaka vizuri kabisa na bado zikakosea hesabu. Rudisha bayosi kwenye mpangilio wa kiwandani, sevu, jaribu kupiga tena.

Ikigoma bado, zima, chomoa waya wa umeme, toa ramu moja. Iliyobaki iweke kwenye sloti ambayo kitabu cha mazabodi kinasema ndiyo ya ramu moja, kwa bodi nyingi za sloti nne ni ya pili kutoka kwenye prosesa. Piga Windows. Kisha badilisha, weka ile nyingine. Moja ikimaliza na nyingine ikagoma umeshampata mwizi wako. Zikikubali zote zikiwa peke yake ila zikiwa pamoja zinagoma, haziendani, tafuta pea moja iliyouzwa pamoja kwenye pakiti moja.

Ukitaka ushahidi wa kumpelekea muuzaji, weka MemTest86 kwenye flashi, ni programu ya kupima ramu, ya bure, unaibutia kama unavyobutia Windows, iache ifanye kazi usiku kucha. Ramu nzima inatoa kosa sifuri. Likitokea hata moja, piga picha skrini, chukua risiti, rudi dukani mapema, dhamana za maduka yetu nyingi ni fupi.

Na nakusihi, hata ukibahatisha Windows ikaingia ramu ikiwa vilevile, usianze kazi. Ramu inayokosea haitoi taarifa, inaharibu faili kimyakimya, siku unarenda harusi ya mtu ambayo haiwezi kurudiwa ndio unakuta video zina vipande vimeoza. Ramu zikitoka safi kabisa na bado inagoma, hapo rudi kwenye flashi na faili la Windows (linganisha hashi ya SHA-256, yaani alama ya kutambulisha faili, na ile iliyo kwenye ukurasa wa Microsoft wa kudaunlodi), na SSD iwe ya mwisho.

SWALI: Fundi, mimi niko Eldoret. Nimeunda mashine ya Core i5-12400, bayosi inaiona SSD lakini setapu ya Windows 11 inasema haioni diski yoyote, inataka draiva. Ni SSD imekufa?

JIBU: Hapana, bayosi ikiiona iko hai. Kwenye mazabodi nyingi za Intel za kuanzia kizazi cha 11 kuna kitu kinaitwa VMD, kikiwa kimewashwa SSD inajificha nyuma yake na setapu haina draiva yake. Ingia bayosi, tafuta VMD, zima, sevu, jaribu tena. Au kama unataka ibaki, daunlodi draiva ya Intel RST kwenye tovuti ya waliotengeneza mazabodi yako, ifungue, weka folda yake kwenye flashi, halafu kwenye ile skrini ya diski bonyeza sehemu ya kupakia draiva uichague. Amua sasa kabla ya kupiga, kwa sababu ukiigeuza VMD baada ya Windows kuingia, mashine inaweza kukataa kuwaka na kukuletea skrini ya bluu.