Napata picha mbaya juu ya mwanangu, je mie ni muuaji?

*Shangazi, niko Kisauni, mtoto wangu ana miezi minne. Udhu wanichukua nusu saa, narudia mpaka mtungi waisha na maji twanunua kwa mkokoteni. Nikitoka nyumbani narudi kuangalia gesi, halafu njia nzima namuuliza mume wangu kama kweli imezimwa. Linaloniua ni hili, nikishika kisu naona picha namchoma mwanangu. Visu vyote nimepeleka kwa jirani, sukuma nanunua ya kukatwa. Mama mkwe asema ni jini. Je mie ni muuaji? – Mama Mchanga*

Mwanangu pole sana, na jibu nakupa kwanza kabla ya mengine: hapana. Mtu anaetaka kumdhuru mtoto hapeleki visu kwa jirani. Picha hio yakutisha hadi umeacha kukata mboga nyumbani kwako, hofu hio ni ya mtu anaempenda mwanawe. Na wazazi wengi wapya hupitiwa na mawazo kama hayo, ila kwao yanapita tu wanaendelea kukoroga uji, kwako yamenasa.

Unayoeleza yafanana sana na OCD, maradhi ya mawazo yanayonasa na kurudiarudia vitendo, ingawa wa kuthibitisha ni daktari. Wazo linaingia bila hodi, liwe la uchafu, gesi, kisu, wengine hata kufuru katikati ya swala, halafu unafanya kitu ili utulie, unaosha, unaangalia, unauliza. Unapata nafuu dakika chache na hio nafuu ndio mtego, manake ubongo unajifunza kwamba umeokoka kwa sababu ulirudia, basi kesho unadai tena na zaidi. Madaktari huangalia kama mambo haya yanakula zaidi ya saa 1 kwa siku ama yanavuruga maisha, na kwako naona yote mawili.

Sio tabia mbaya wala udhaifu wa imani. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapo juu ya macho, kazi yake moja ni kunusa kosa na hatari, inawasiliana na sehemu za ndani kabisa zinazochuja lipi la kufanyiwa kazi na lipi la kuachwa, halafu ujumbe unarudi juu. Kwa mwenye OCD mzunguko huu unafanya kazi kupita kiasi, kama alamu ya gari inayolia usiku mtaani kwa sababu paka kapita juu ya boneti, mwizi hakuna lakini kelele ni za kweli. Ndio unaona kwa macho yako gesi imezimwa na mwili bado wakwambia haijazimwa. Kemikali ya serotonini inahusika, urithi unachangia, na kujifungua ni kipindi kinachojulikana kuiamsha. Tena mwaka 1992 watafiti Marekani walipiga picha za ubongo wa wenye OCD, waliopata nafuu kwa dawa na waliopata kwa mazoezi ya kukabili hofu bila dawa, wote sehemu ile ile ya ndani ilikuwa imepoa.

Mama mkwe usigombane nae, dua endelea nayo. Lakini sheria yetu yenyewe yasema yakini haiondolewi na shaka, na maulamaa humwambia mwenye wasiwasi aoshe mara tatu aende zake hata moyo ukimwambia bado. Tiba ya hospitali ndio hio hio: unakabili kinachokutisha kidogo kidogo, halafu hurudii. Kisu kitarudi jikoni hivo hivo, taratibu, na mtaalamu akikuongoza.

Nenda kliniki ya afya ya akili pale hospitali ya Port Reitz, hapo Mombasa, waambie na hilo la kisu bila kuficha, na useme unanyonyesha wakuchagulie dawa inayofaa. Dawa hizi huchukua wiki nyingi, hata 12, kabla ya kufanya kazi vizuri, usije ukaacha wiki ya pili. Ila ukianza kusikia sauti zinakuamrisha, ama mawazo hayo yakaanza kuonekana sawa na hayakutishi tena, hio ni hali nyingine, mtoto abaki na mtu na wewe uende hospitali siku hio hio.

Na hapa msomee mumeo. Baba, najua unamwambia "imezimwa" kwa mapenzi, lakini kila ukimhakikishia unailisha hii kitu. Kubalianeni kabla, akiuliza umjibu mara moja tu, akirudia mwambie "najua unaogopa, niko na wewe", halafu muendelee na safari yenu hadi stejini.