Maswali na majibu: Hapana, RAID si nakala rudufu

Swali: Nina diski mbili kwenye RAID 1, kila moja ikibeba data ileile. Nakala rudufu za nini tena?

Jibu: Swali hili halichoki kuja. RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, inakukinga na kufa kwa diski, basi. Ukifuta faili kimakosa, linafutika kote kuwili papo hapo.

Swali: Na snapshoti (picha za hali ya data) za kila saa je?

Jibu: Zinaokoa faili lililofutwa, lakini ziko kwenye diski zilezile. Diski zote zikifa, nazo zinakwenda.

Swali: Mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya seva moja) sita, data terabaiti 2, diski nne za terabaiti 4. Kwenye ZFS (mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe), RAIDZ1 (inayostahimili kufa kwa diski moja) au mirror (diski zinazobeba data ileile)?

Jibu: Mirror, jozi mbili. Unapata terabaiti 8, nazo usizijaze kupita asilimia 80, maana ZFS ikikaribia kujaa inakuwa nzito. Terabaiti 12 za RAIDZ1 zinavutia kwenye karatasi tu. Mashine pepe huandika vipande vidogo vilivyotawanyika, kwa hiyo pariti (data ya kurejesha diski iliyokufa) na vijazio (nafasi tupu za kusawazisha) hula nafasi kuliko ulivyopiga hesabu, na uandishi wa aina hiyo unakwenda kwa kasi ya karibu diski moja. Diski za SMR (njia zake za data hupishana, hivyo kuandika upya ni polepole) usiguse: siku ya kujenga upya zinazorota hadi ZFS inaweza kuzitoa kundini. Wala usiiweke ZFS nyuma ya kadi ya RAID.

Swali: Mashine zote zimeganda na hitilafu ya I/O (kusoma na kuandika diski), lakini ndani kila moja inaonyesha nafasi tele. Tatizo nini?

Jibu: Umegawa nafasi usiyokuwa nayo. LVM-thin (njia ya Linux ya kugawa nafasi ya diski kwa ahadi) inakuruhusu kuahidi terabaiti 5 juu ya diski ya 2, na siku zikidaiwa kwa pamoja kila kitu kinasimama. Andika amri lvs kwenye seva mwenyeji (ile inayobeba mashine pepe), usome Data% na Meta%. Wengi hutazama ya kwanza tu, ilhali metadata (kumbukumbu ya data ipi iko wapi) ikijaa ukarabati wake ndio mgumu zaidi. Kufuta mafaili ndani ya mashine peke yake hakurudishi nafasi. Washa discard (inayoruhusu nafasi iliyofutwa irudi) kwenye diski pepe, zima mashine kabisa na uiwashe, kisha endesha fstrim -av ndani yake. Weka tahadhari kwenye asilimia 80.

Swali: Naweza kuendesha Proxmox Backup Server (programu ya kutunza nakala rudufu) kama mashine pepe kwenye seva hiyohiyo?

Jibu: Unaweza, na seva ikiungua vitaungua vyote. Tafuta kompyuta nyingine, hata ya zamani, mradi diski ziwe nzima. Nakala ya kwanza ya terabaiti 2 kwenye mtandao wa gigabiti 1 itachukua kama saa tano. Zinazofuata hupeleka mabadiliko tu. Akaunti inayotumiwa na seva mwenyeji ipewe ruhusa ya kuandika, isiwe na ya kufuta. Nakala za zamani zipunguzwe na seva ya nakala yenyewe. Nakala moja zaidi ikae jengo jingine. Na ukisimba nakala, ufunguo usiishie kwenye seva mwenyeji peke yake. Seva ikifa, utabaki na nakala nzima usizoweza kuzifungua.

Swali: Kazi ya usiku ya nakala rudufu inaandika OK. Inatosha?

Jibu: OK maana yake data ilipokelewa. Rejesha mashine moja kwa namba mpya ya utambulisho, ukate kadi yake ya mtandao kabla ya kuiwasha, la sivyo itagombania IP na ile inayofanya kazi. Ingia, fungua hifadhidata, soma rekodi ya jana. Pima na muda uliotumika. Bosi atauliza huo kwanza.