Elektroni za Jua zikiwahi kufika, usishangilie

Mwaka jana nilikaa siku tatu kwenye kibaraza cha mjomba, Kirumba, Mwanza, nikikodolea macho grafu moja. Data zilitoka Solar Orbiter, chombo cha kuchunguza Jua kilichorushwa angani Februari 2020, na mtu yeyote anazipakua bure (bando ndilo lililonitoa jasho). Elektroni, chembe ndogo zinazorushwa na Jua, za kiloelektronivolti 50 (kipimo cha nishati: namba kubwa, mwendo mkali zaidi) zilionekana kuanza kupanda dakika ileile na za 300. Nikajiona mgunduzi.

Ningepiga hesabu kwanza, nisingejisumbua. Chombo kikiwa umbali wa Dunia, elektroni haziji moja kwa moja. Hufuata uga wa sumaku wa Jua uliopinda, safari ya kilomita kama milioni 180. Ya 300 huimaliza kwa dakika 13 hivi, ya 50 kwa dakika 24. Zikitoka Jua pamoja haziwezi kufika pamoja.

Aliyenifumbua macho ni mjomba, tena bila kujua. Yeye hununua sangara mwaloni. Siku hiyo samaki alipiga mkia, akateleza kwenye mizani kabla mshale haujatulia, na karani kashaandika kilo mbili. Mjomba akaja juu: "Kijana, futa hiyo! Samaki huyu hapungui kilo nane."

Nikasimama pale na miguu imejaa magamba. Elektroni yenye nguvu nayo huingia kwenye bamba la silikoni la kihisi, huacha nishati kidogo, kisha hudunda na kutoka. Kifaa huandika kile kilichoachwa tu. Zile "50" zangu za mwanzo zilikuwa 300 zilizotoroka mizani.

Kwa hiyo, ukianza kazi hii, panga chaneli zote, yaani makundi ya nishati, kwenye grafu moja. Ukiona chaneli ya chini inanyanyuka kidogo sambamba na ya juu, halafu inapanda kwa nguvu baadaye, mwanzo wako ni ule mpando wa pili. Protoni pia, chembe nzito zaidi zinazotoka Jua, usizisahau. EPT, kihisi cha Solar Orbiter kilichonipa data hizi, huzizuia kwa utando mwembamba wa plastiki, lakini zenye nguvu hupenya na kuhesabiwa kama elektroni. Kwa kuwa protoni huchelewa, huchafua zaidi sehemu ya mwisho ya tukio.

Nilipopima upya, zile 50 zilianza dakika kumi hivi baada ya za 300. Mjomba alichungulia mistari ile inayopanda, akaniuliza kama ni bei ya mabondo, vile vibofu vya sangara.